Hisa Si Mbuzi wa Mnada

Wanangu, jioni nawaona hapa Kitengela kwenye kituo cha boda boda, macho kwenye simu, hisa mmenunua asubuhi na jua halijatua mmeshaziuza. Sisi tuliolelewa na mifugo hapa Kajiado tunaijua kazi hiyo. Ni kazi ya dalali wa mbuzi pale Bissil: ananunua kwa aliyebanwa na karo, anamuuzia mwenye bucha saa hiyo hiyo. Ni halali, na wako waliojengea nyumba. Lakini dalali huyo ameamka alfajiri, bei za minada mingine anazo kichwani, na mbuzi amempapasa mgongo mwenyewe. Wewe umepapasa nini?

Sisemi kwa kusikia. Mwaka 2008, serikali ilipouza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa, nilikopa nikaomba hisa 10,000. Waombaji walikuwa wengi mno, nikapata kama moja ya tano. Mwezi wa sita hisa zikaingia sokoni, bei ikapita 7. Nikasema nangoja ifike 10. Ikageuka. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa karibu na 3, ukame umekaza, deni linabisha hodi. Nikauza, nikanunua nyasi. Soko silaumu. Niliingia na pesa ya mkopo, na pesa ya mkopo haijui kusubiri.

Jirani yangu, mama muuza maziwa, alinunua hisa hizo hizo kwa akiba yake. Mwaka 2021 bei ikapita 40, kisha ikaporomoka hadi kumi na kitu. Hakuuza juu, hakuuza chini. Kwake hisa ni ng'ombe wa maziwa: bei ya mnadani unaiuliza siku ya kumuuza, siku nyingine unauliza maziwa. Na maziwa yapo. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, ile aliyoinunua kwa 5. Serikali inakata asilimia 5 ya gawio hilo, basi. Ninyi wa kununua na kuuza kila siku, wakala anawakata mkiingia na anawakata mkitoka.

Ila kushikilia si kulala. Walioshikilia hisa za kampuni ya sukari ya Mumias kwa mazoea tu waliziona zikiozea mikononi. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaweka msimamizi wake kiwandani. Ng'ombe asiyeshika mimba misimu mitatu hafugwi kwa heshima ya mama yake. Basi someni hesabu za kampuni kila mwaka, na pesa ya karo, ya kodi ya nyumba au ya mkopo wa simu isiguse soko la hisa.

Mama yule bado anazo hisa zake zote. Gawio la mwezi wa nane ndilo humnunulia nyasi.