Usiache mbachao kwa msala upitao

Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni mkeka wa kusalia. Methali hii yamwonya mtu aliyeona msala mzuri ukipita mikononi mwa mwenyewe, akaupenda hata akautupa mkeka wake. Mwenye msala akishaenda zake, aliyetupa mbacha hulala chini.

Methali haikatazi kuusifu msala, wala kujifunza namna ulivyosukwa. Inakataza kuacha. Cha mwenzako kina wenyewe wa kukitunza. Chako ukikiacha, nani atakitunza?

Wapo vijana wa Mpanda, hapa Katavi, wanaowapenda Wajapani: katuni zao, karate, nidhamu yao ya kazi. Ni mapenzi mema. Basi na watazame Wajapani wenyewe walivyopenda vya wengine. Baada ya 1868 walijifunza Ulaya kwa bidii; mwaka 1872 wakafungua reli yao ya kwanza kwa ujuzi wa Waingereza. Lakini watoto wao waliendelea kusomeshwa Kijapani.

Hata huku kwetu walikuja kujifunza. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuchunguza sokwe wa Mahale, jirani na Katavi, katika nchi ya Watongwe. Watongwe ndio waliowaongoza watafiti hao porini na kuwatajia miti. Mwaka 1981 Nishida na Shigeo Uehara wakachapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Mwenzao, Makoto Kakeya, alifundishwa hata uganga wa Kitongwe, naye akabaki Mjapani. Mgeni aliyaandika majina hayo kwa heshima kubwa; kuyafanya yaendelee kutamkwa ni kazi ya wajukuu wa Watongwe.

Hata hivyo, kutunza mbacha si kuficha matundu yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Desturi inayomkatiza binti masomo irekebishwe, na tuirekebishe sisi wenye mkeka.

Kijana wa Katavi, jifunze Kijapani ukipata nafasi, na uige uchapakazi wao. Kisha uketi na wazee wa Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kitongwe, uwaulize, uandike, uwafundishe wadogo zako. Anayewapenda Wajapani kweli ataiga kwanza jinsi wanavyokipenda cha kwao.