Jibu la Kupewa

Msomaji kijana, liko swali moja ambalo halimo katika kitabu chako cha hisabati, nalo ni zito kuliko mengi yaliyomo. Je, mtu akipewa jibu sahihi, amekuwa mjuzi?

Swali hili ni la kale, lakini leo limetukaribia zaidi. Zamani kisima cha elimu kilizungushiwa ua, na ufunguo wa lango ulikuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 2001 chuo mashuhuri cha uhandisi cha Massachusetts, Marekani, kilitangaza kuwa kitayaweka masomo yake katika mtandao, asome atakaye bila malipo. Mwaka 2004 Salman Khan alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyekaa mbali naye. Baadaye masomo yake aliyatia katika video, nayo yametazamwa na mamilioni ya watu.

Ukarimu huu wastahili shukrani. Mtoto ambaye shule yake haina mwalimu wa hisabati, akibahatika kupata simu na mtandao, aweza kumsikiliza mwalimu aliye ng'ambo ya bahari. Na asipofahamu, aweza kumrudia mara kumi, wala mwalimu huyo hachoki.

Lakini katika mtandao uo huo zimo programu zinazopokea picha ya swali na, kufumba na kufumbua, zikatoa jibu na hatua zake zote. Hapa njia hugawanyika. Mwanafunzi mmoja hulitazama jibu ili ajue alipokosea. Mwenziwe hulinakili ili asionekane amekosea. Madaftari yao yafanana, lakini wenyewe hawafanani.

Yamkini huyo wa pili atauliza, "Namdhulumu nani? Jibu nimepewa bure, sikuiba." Hoja hii yataka kupimwa. Mwaka 1907, huko Quebec, Kanada, daraja kubwa la chuma lililokuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence lilianguka, wakafa wafanyakazi 75. Nafasi baina ya nguzo zake kuu ilikuwa imeongezwa kutoka futi 1,600 hata futi 1,800, lakini uzito wa daraja haukuhesabiwa upya kwa wakati. Makadirio ya kwanza yaliachwa yalivyo, na chuma kikaelemewa. Waliokufa siye aliyekosa hesabu. Basi anayezoea kupokea tarakimu bila kuzihoji hujidhulumu kwanza yeye mwenyewe, na kesho huenda akawadhulumu watakaopita juu ya kazi yake.

Wala usidhani nakukataza chombo. Wahandisi wa leo hutumia tarakilishi kila siku, na hawana lawama. Lakini mjuzi huweza kushuku jibu lisilowezekana, hali asiyejua huliamini lolote aonalo. Wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakukataza kusaidiwa, walionya juu ya kuishi kwa msaada peke yake.

Basi, ukiisha kutazama somo, funga simu, chukua karatasi tupu, ukokotoe swali lile tangu mwanzo. Kisha umweleze mwenzako sababu ya kila hatua. Ukiweza, jibu lile limekuwa lako. Ukishindwa, usione haya. Fungua tena usome, maana mwalimu yungali pale anakungoja.