Chora Kwanza Pasipoguswa

Wajukuu zangu, ramani ya bustani yenu ya michezo nimeitazama. Waya wa kuteleza angani unaanzia juu ya mwamba wa Karue, unavuka mashamba, na chini kuna bembea, farasi na kibanda cha chipsi. Sina ugomvi na chipsi. Kinachonisumbua ni kuwa mmechora kila mtakachojenga, wala hamkuchora hata sehemu moja msiyotia mkono.

Anzieni hapo. Ardhi hii ya Runyenjes kule Embu hadi Nchiru kule Meru ina wenyewe, walio hai na waliotangulia. Waembu husimulia kwamba chimbuko lao ni Mwenendega na mkewe Nthara, papo hapo karibu na Runyenjes. Kilima cha Kirimiri kina msitu wa matambiko. Nchiru ndiyo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Nendeni kwa wazee mkiwa na karatasi tupu, si fomu ya kutia sahihi, muwaachie kalamu. Mzee akizungushia duara mahali fulani bila kueleza sababu, msimbane. NEMA, mamlaka ya mazingira, watadai tathmini ya athari kwa mazingira, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ina masharti yake. Hayo mwanasheria atawapangia.

Kisha, kabla hamjanunua hata nati moja, pandeni gari hadi Ngare Ndare, upande wa Timau. Pale pana daraja la waya la mita 450 hivi, limening'inia kati ya mitarakwa na mizeituni ya mwituni. Mtoto anapita juu, magoti yakimtetemeka, na ndovu na nyati wanapita chini kama walivyozoea. Msitu ule ni njia ya ndovu kati ya Mlima Kenya na Lewa. Hata barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ilichimbiwa kivuko chini yake, nao ndovu wamekitumia tangu 2011. Miaka miwili baadaye, UNESCO iliunganisha Lewa na Ngare Ndare na urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Angalieni walivyofanya watu wa Ngare Ndare: mgeni ndiye aliyeinuliwa, mwenyeji hakuhamishwa.

Na msidhani msisimko hutoka kwenye vyuma tu. Misitu ya Mlima Kenya ilimficha Musa Mwariama na wapiganaji wake wa Mau Mau mpaka uhuru wa 1963. Mpeni mtoto barua ndogo, mwambieni aifikishe ng'ambo ya kichaka bila babake kumwona. Atatambaa, atachafuka, atacheka, na jioni atauliza barua za wapiganaji hao zilibebwa na nani. Mchezo huo gharama yake ni karatasi. (Babake naye atafurahi, ingawa atajifanya amechoka.)

Neno moja kuhusu hesabu yenu ya mapato. Mmejaza wageni kila likizo. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, mwamba unateleza na hakuna mzazi mwenye akili atakayempandisha mwanawe. Agosti ukungu unaweza kukaa hadi saa sita mchana. Basi jengeni banda kubwa lenye paa kabla ya huo waya, na mzee atakayesimulia humo alipwe kwa siku, sawasawa na fundi.