Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, nasi walimu tumeifundisha methali hiyo miaka mingi bila kuitilia shaka. Leo, ndugu msomaji, napenda kusimulia habari ya akiba moja ndogo iliyonilazimu kuiuliza methali hiyo swali. Swali lenyewe ni hili: kitu tulichoachiwa na rafiki aliyefariki, je, twamheshimu kwa kukitunza au kwa kukitumia?

Mwaka 1998 mwenzangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda kama mimi, alikuwa akimfundisha lugha yetu daktari mmoja kutoka Kuba. Daktari huyo alipoagana naye alimpa sigaa mbili, yaani zile sigara nene zisokotwazo kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Alimpa na hadithi pia, nayo ilimpendeza rafiki yangu kuliko sigaa zenyewe. Tangu mwaka 1865, katika viwanda vya sigaa vya Havana, kulianza desturi ya kumweka msomaji juu ya jukwaa, akawasomea wafanyakazi magazeti na riwaya, nao wakisokota huku wakisikiliza. "Majani haya," rafiki yangu alikuwa akisema, "yamesomewa vitabu vingi kuliko wanafunzi wetu."

Basi tukawekeana ahadi. Sigaa ya kwanza tungeivuta siku Kiswahili kitakapopata nafasi katika Katiba ya nchi. Ya pili, siku kila mtoto wa shule atakapofundishwa. Ya kwanza tuliivuta mwaka 2005, marekebisho ya Katiba yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tulipokezana kama vijana, tukakohoa na kucheka. Ya pili nikakabidhiwa mimi, maana yeye alikuwa mvutaji wa kiko na alijijua kuwa hana subira.

Niliitunza kwelikweli. Sigaa hutaka hewa yenye unyevu wa wastani, kama asilimia 65 hadi 70. Ikikauka hupasuka, ikilowa huota ukungu, na joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa ndani ya majani na kuyatoboa matundu. Niliiweka katika kisanduku cha mbao, mahali pasipofikiwa na jua, nikawa naikagua kila mwezi. Wajuzi husema kwamba miaka ya mwanzo huifaa: ukali hupungua na ladha hutulia. Lakini husema pia kwamba harufu yake nzuri haikai milele, na sigaa iliyowekwa kupita kiasi hurudi kuwa jani tu. Neno hili la pili sikulitia maanani.

Mwaka 2017 rafiki yangu alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri likaamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nilifungua kisanduku siku ile ile, kisha nikakifunga. Je, siku tuliyoahidiana ilikuwa imefika? Uamuzi ni jambo moja. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto, chaki mkononi, ni jambo jingine.

Hapana shaka hiyo ilikuwa hoja ya haki, lakini sikuwa na hiyo peke yake. Ahadi ilikuwa ya watu wawili, na mmoja hayupo. Tena tumbaku ni adui wa moyo na mapafu, na sigaa haina heri kuliko sigara ya karatasi. Hakuna awezaye kuniambia ni kwa kiasi gani kile kiko kilimharakisha rafiki yangu kaburini. Je, yafaa kumkumbuka mtu kwa kitu ambacho huenda kilisaidia kumuua? Na je, huenda nilikuwa nikiivika tamaa yangu vazi la uaminifu?

Nilipokuwa katika mashaka hayo nikakumbuka desturi ya zamani ya Buganda ya kufanya udugu wa damu, iitwayo omukago. Marafiki wawili walitwaa tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja aliipaka punje yake damu yake mwenyewe, akampa mwenzake aile. Punje haikuwekwa kabatini. Ililiwa, ikatoweka, na tangu hapo kilichobaki ni wajibu: mwenzio akiwa na njaa umlishe, akiwa taabuni umwendee. Wazee wale walijua kwamba alama ya urafiki si urafiki wenyewe.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Kile kisanduku nilikikagua kila mwezi kwa miaka mingi. Lakini katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, rafiki yangu nilimtembelea mara mbili tu. Nilikuwa nimeitunza sigaa yake vizuri kuliko nilivyomtunza yeye.

Nikaichukua nikaenda kwa mjane wake, maana mdai akifa deni hulipwa kwa warithi. Nilimweleza yote, hata hizo mara mbili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, alikuwa akikuulizia kila Jumapili. Mimi nikimwambia una kazi nyingi." Hakusema kwa ukali, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliniingia zaidi. Nilipomwomba ruhusa alinijibu, "Vuta kidogo, huko uani, mbali na wajukuu. Halafu usianze tena."

Niliiwasha chini ya mwembe wao. Ilishika moto upesi, ikatoa moshi mweupe, na haikuwa na ladha yoyote ila ya majani makavu. Miaka yote ile nilikuwa nimelinda kitu kilichokwisha kufa ndani. Nilivuta mara tatu nne, nikaizima, nikayafukia mabaki mchangani.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kuwashawishi walimu wenzangu kuvuta tumbaku, wala siidharau methali ya wazee. Mbegu, nafaka na fedha huwekwa kwa ajili ya kesho, na ni vyema. Lakini yako mambo yasiyokubali kuwekwa: kumzuru mgonjwa, kumshukuru aliyetufundisha, kumwomba radhi tuliyemkosea. Hayo yana msimu wake, na msimu ukipita, hata kisanduku kilicho bora hakiyaponyi. Tumheshimu marehemu kwa kukitumia alichotuachia wakati kingali na ladha. Na kabla ya hapo, tumheshimu angali hai.

Tangu siku ile, kila Jumatano alasiri, nawafundisha Kiswahili wajukuu wake na watoto wa jirani chini ya mwembe ule ule. Ni watoto tisa. Ile siku tuliyoahidiana bado haijafika kwa nchi nzima, lakini nyumbani kwake imeanza kupambazuka. Kwanza huwasomea hadithi, nao husikiliza huku mikono yao ikimenya karanga.