Mwenye Nyumba na Daftari la Kodi

 

Miongoni mwa mambo tunayoyadharau katika miji yetu ya pwani ni kuandika kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hupokea fedha mlangoni, akazitia mfukoni na kutegemea kumbukumbu yake. Mpangaji naye huona haya kumtaka stakabadhi mwenziwe wa msikitini. Hayo twayaita kuaminiana, na kumbe ni mlango wa dhulma.

Kodi iliyosalia ni deni. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, imeamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mwenye kudaiwa ndiye atakayemsomea mwandishi. Tazameni hekima yake: hati si ya mdai peke yake. Daftari lililofungiwa sandukuni, asilolijua mpangaji, halikutimiza makusudio hayo.

Tuseme kodi ni shilingi 4,000. Mpangaji ametoa 2,500, kisha akaleta 1,500 zilizobaki, zisiandikwe. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba amesahau, azidai tena. Katika sheria, ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Na hapa adaiye kuwa amelipa ni mpangaji. Hana karatasi, basi atashindwa, na maskini atalipa mara mbili. Je, hukumu ya kadhi itazihalalisha fedha zile? Hasha! Aya ya 188 ya sura hiyo hiyo imekataza kulana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu. Na aliyeacha kuandika kwa uvivu asijitetee kwa kusahau.

Siku hizi wengi hulipa kwa simu. Ujumbe wa simu waonyesha fedha zimepita. Hauonyeshi ni za mwezi gani, wala kilichosalia. Basi andikeni tarehe, mwezi unaolipiwa, kilichotolewa na kilichobaki. Nyote wawili mtie sahihi, na kila mmoja awe na nakala yake.

Wala daftari si la kuwabana watu. Aya ya 280 imetaka mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini utasamehe nini, ikiwa hukijui unachokidai? Na ukifa leo, mayatima wako watajuaje lililo lao na lililo la mwenzao?

Mwenyezi Mungu atuepushe na kula haki za watu. Amin.