Taa ya Barabarani Kwenye Karakana

Mwaka 2000, msanii Chris Burden alianza kununua taa kuukuu za barabarani kwenye gulio la mitumba la Rose Bowl, California. Akanunua moja, nyingine, na nyingine tena, mpaka karakana yake ya Topanga ikazungukwa na nguzo za chuma. Nyingi zilikuwa za miaka ya 1920 na 1930, zilizowahi kusimama mitaani hukohuko. Akazikwangua, akazipaka zote rangi ya kijivu, na mwaka 2008 nguzo 202 zikasimamishwa nje ya jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles. Kazi hiyo inaitwa Urban Light. Siku hizi watu wanapiga picha za harusi pale.

Mwisho mzuri, sina ugomvi nao. Kinachonisumbua ni ile miaka ya katikati. Hivi taa ya barabarani ikiwa uani kwa mtu, ni ya nani?

Risiti itasema ni ya aliyenunua. Lakini kibatari tunawasha kwa ajili ya watu wa ndani, karabai kwa wageni tuliowaalika. Taa ya barabarani inawashwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana: mkunga, mlevi, hata mwizi. Haiulizi jina.

Mkusanyaji atajibu kwamba bila yeye ingeyeyushwa ikawa nondo. Ni kweli, na jibu hilo lilinitosha kwa muda mrefu. Lilinitosha kwa sababu mjomba wangu, fundi wa kuchomelea, ana vichwa vitatu vya taa za zamani za sodiamu kwenye karakana yake. Balbu amezifunga kwenye matambara na kuziweka juu ya kabati, maana zina zebaki na hataki watoto wazivunje. Vioo anavisafisha kwa sabuni, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Mimi napenda kukaa pale nikimtazama.

Siku moja nikamuuliza alivipata wapi.

"Kwa watu wa vyuma chakavu, mjomba." Ndivyo tunavyoitana sote wawili.

"Na wao walivipata wapi?"

Akaendelea kufuta kioo. "Hilo sikuuliza."

Nami sikuendelea. Njia ya kutoka stendi kuja kwake ina nguzo kadhaa zisizo na vichwa, na shangazi hupita pale usiku akimulika kwa simu. Sisemi ni vichwa vilevile. Nasema tu kwamba nilinyamaza haraka mno, na chai ilikuwa tamu.

Mwezi uliopita kakifunga kimoja juu ya geti, kikitazama nje. Taa hizi hazina haraka: huanza kwa mwanga hafifu, zikachukua dakika kadhaa kufikia ile rangi ya machungwa. Umeme ukikatika na kurudi, inabidi zisubiri zipoe kwanza. Wauza chipsi wamehamia chini yake, na jirani mmoja amelalamika hapati usingizi.

Saa nne mjomba anaizima. Luku ni yake, anasema, na barabara si yake. Shangazi anafika saa tano kasoro. Juzi nimemwachia mjomba hela ya umeme mezani, asubuhi nikaikuta palepale, chini ya kopo la misumari.