Je, Moyo Mwema Watosha?

Watu wengi hukiri kwamba huruma ni sifa kubwa ya mganga na muuguzi. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa hufarijika apokewapo kwa neno jema mlangoni. Lakini yatupasa kuuliza swali ambalo aghalabu hatuliulizi, kwa kuwa hufanana na utovu wa adabu: je, huruma peke yake yatosha? Mtu akitenda kwa nia njema, na tendo lake likaleta msiba, nia yake yamtoa lawamani?

Karurumo, katika Embu, kusini mashariki mwa Mlima Kenya, pana kituo cha afya ambacho pia ni mahali pa kuwafundishia wahudumu wa afya ya mashambani. Na tukifikirie kituo cha namna hiyo, popote kilipo, saa nane ya usiku. Mtoto amezaliwa, wala hakulia. Hapo huruma ya muuguzi haina kazi kubwa. Linalotakiwa ni kumkausha mtoto, kumtia joto, kukiweka sawa kichwa chake ili njia ya hewa ifunguke, na asipopumua, kumpulizia hewa kwa kifuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Nadhani hawakuwa wakimfikiria mtoto huyu. Kifuko chenyewe si kitu cha ajabu, na kwa kawaida hewa ya chumbani hutosha kuanzia. Lakini mkono usiozoea huiweka barakoa vibaya, hewa ikapotea kando ya mashavu, na kifua kisiinuke. Mtoto hufa mikononi mwa watu wawili wampendao.

Kwa ajili ya saa kama hiyo yalitengenezwa mafunzo ya kuwatambua na kuwatibu watoto mahututi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kozi yake mwaka 2005, baada ya kazi iliyofanywa Blantyre katika Malawi. Nchini Kenya, Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust waliipanua, wakaongeza utunzaji wa watoto wachanga, ikawa kozi ya siku 5. Wanafunzi, wengine wenye mvi, hurudia kazi ile ile juu ya mwanasesere mpaka mikono ikumbuke hata akili ikishikwa na hofu.

La kwanza wafundishwalo lagusa haki. Sote twaiheshimu foleni: aliyetangulia na ahudumiwe kwanza. Lakini foleni hupima saa ya kufika, haipimi hatari. Kwa hiyo muuguzi aliyefunzwa huwapitia watoto wote wanaongoja, akitafuta asiyepumua vema, mwenye degedege, aliyezimia, au aliyekaukiwa maji kwa kuhara. Huyo hupita mbele hata kama amefika sasa hivi. Mama aliyeamka alfajiri na kutembea kwa miguu aweza kunung'unika, na manung'uniko yake si ya kipumbavu. Lakini hakudhulumiwa, maana kanuni ile ile ingemtanguliza mwanawe.

Liko jambo gumu zaidi. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu alitiwa maji mengi mshipani kwa haraka. Ilionekana kuwa rehema yenyewe. Kisha mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Katika kila watoto 1,000 waliotiwa maji hivyo, 106 hivi walikufa kabla ya saa 48 kwisha. Miongoni mwa wasiotiwa, walikufa 73 hivi. (Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara hakuwamo katika hesabu hiyo, naye bado ahitaji maji.) Je, waliofanya hivyo kabla ya mwaka huo walikuwa na hatia? Mimi siwahukumu. Walitenda kwa ujuzi bora wa zama zao. Lakini afanyaye vivyo leo, kwa kuwa tangu atoke chuoni hakujali kujifunza tena, huyo ana jambo la kujibu.

Tena hajibu peke yake. Mwaka huo huo wa 2011 ulichapishwa utafiti mwingine, wa hospitali 8 za wilaya nchini Kenya. Zote zilipewa miongozo. Lakini 4 zilipata pia mafunzo kamili, usimamizi, na mtu wa kuwakumbusha na kuwasaidia wauguzi siku kwa siku. Hizo ndizo zilizotengeneza zaidi utunzaji wa watoto. Kumbe kitabu kilichowekwa kabatini hakimfunzi mtu. Basi muuguzi aliyefunzwa akihamishwa kwenda chumba cha majeraha ya watu wazima, na mahali pake akawekwa asiyepata kukishika kile kifuko, nani aulizwe asubuhi: yule aliyekuwa zamu, au yule aliyetia sahihi barua ya uhamisho?